Kiti cha Anayesomwa

Harufu ya gazeti kuukuu na majani ya chai ndiyo harufu ya Jumapili za utoto wangu. Jirani yetu pale Doonside, kitongoji cha Sydney, Australia, alikuwa bibi wa Kiingereza, Bibi Joyce, na dada yake alimtumia chai kutoka kwao kwa posta, pakiti zikiwa zimezungushiwa magazeti ya udaku. Chai aliinywa yeye. Magazeti aliyanyoosha kwa kiganja, akampitishia Baba juu ya uzio. Habari zenyewe zilikuwa zimechacha, lakini nani alijali? Baba aliyapokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

Watu walikuja baada ya ibada, bado wamevaa nguo za kanisani, wakajazana kwenye gereji yetu. Mama alikaanga mandazi, Mama Furaha, rafiki yetu Mkongo, alileta karanga, na Baba akasimama kando ya mashine ya kufulia akitusomea, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni. Mwana wa malkia kagombana na mkewe. Mchezaji mpira kafumaniwa. Mwigizaji kanenepa! Lo, tulivyocheka! Baba ndiye aliyekuwa na raha kuliko wote, maana kabla hatujahama Kenya alikuwa mpanga kurasa kwenye gazeti ambalo polisi walilifunga asubuhi moja, wakabeba hadi mataipureta. "Waingereza wanamwanika hata mtoto wa malkia," alisema, "na kesho yake gazeti linatoka tena. Huo ndio uhuru."

Mama hakuupenda uhuru huo. Alikuwa nesi, na kwake habari ya mgonjwa haivuki mlango wa wodi. Siku Baba aliposoma juu ya mwimbaji aliyeharibikiwa mimba, akapigwa picha akitoka hospitali, Mama alitua sahani ya mandazi. "Baba Baraka, huyo dada angekuwa amekaa hapa, ungemsoma hivyo?" Akavuta kiti cheupe cha plastiki, akakiweka katikati. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya gereji yetu: ukitaka kusoma habari za mtu, zisome ukitazama kiti chake. Wageni walikigeuza utani. Mama Furaha alikikaribisha karanga, mwingine akakipa pole kwa unene. Lakini nilimwona Baba akianza kuruka mistari fulani, akijifanya anakohoa.

Kisha zamu ikatufikia sisi. Gazeti moja la hapa hapa Sydney, lenye tabia zile zile za udaku wa Kiingereza, lilitoa picha ya kaka yangu Baraka na wenzake stesheni ya Doonside, wakisubiri treni ya kwenda mazoezi ya kwaya. Ilikuwa baridi, wamejifunika kofia za majaketi yao. Juu ya picha, kwa herufi kubwa: wakazi waishi kwa hofu ya magenge ya Waafrika. Baraka alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, kwenye duka la dawa. Mwenye duka akapiga simu kusema asijisumbue kuja. Kaka yangu, aliyekuwa akiimba hata bafuni, akajifungia chumbani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jumapili watu walikuja kama kawaida, wakanong'ona, macho yao yakikikwepa kile kiti. Sote tulitaka kuona Baba atafanya nini. Alilikunjua gazeti. Hapo mlango wa ndani ukafunguka, Baraka akaingia na soksi tu miguuni, akapita katikati ya watu, akaketi kwenye kiti. Baba alisoma mistari michache. Akataka kulikunja.

"Maliza," Mama alisema. "Za watoto wa wenzio ulizisoma."

Akamaliza, machozi yakimtoka, akimtazama mwanawe. Mama Furaha akaruka: "Papa Baraka, bafunge ile gazeti! Bafunge!" Gereji nzima ikamuunga mkono. Baba akatikisa kichwa. "Mimi nimeshaona gazeti likifungwa. Waliofunga letu hawakulifunga ili kumlinda mtoto wa mtu, walijilinda wao wenyewe, tusiwaseme. Sitaki hili lifungwe. Nataka aliyeandika aje hapa, asimame mbele ya mwanangu, asome."

Hakuja mtu. Baba alipiga simu na kuandika barua mpaka wakachapa masahihisho, madogo mno, karibu na matokeo ya mbio za mbwa. Nayo aliyasoma, Baraka akiwa kitini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kaka yangu akacheka. Kazi haikurudi.

Siku hizi gereji ile ina gari tu, na Bibi Joyce alishafariki. Udaku wa Uingereza unanifikia kwenye simu Waingereza wenyewe wakiwa bado wamelala. Nazitamani zile Jumapili, jamani. Tulikuwa wambea, sikatai, lakini tulikuwa wambea mbele ya watu, na Mama akitusikia. Sasa kila mmoja anasoma peke yake, anacheka peke yake, anamtumia mwenzake, basi.

Juzi, kwenye nyumba tunayopanga Kensington, hapa hapa Sydney, binti yangu alikuwa ameinamia simu akimcheka msichana fulani maarufu aliyepigwa picha akilia ndani ya gari. Nikavuta kiti cha meza ya chakula, nikakiweka mbele yake.

"Nani anakuja?" akauliza, kwa Kiingereza chake.

"Soma kwa sauti," nikamwambia. "Ameshaketi."