Makofi ya Bibi Hawa

Mie nakaa Kibamba, ila tuisheni nafundishia Mtoni. Maneno ya Kiingereza nayafundisha kwa makofi, kila silabi kofi moja, na najionaga bingwa. Bibi Hawa, jirani wa upande wa pili wa ukuta wa darasa, alikuwaga anapiga pamoja nasi, akikosea anacheka mwenyewe.

Jumamosi nilikuta kwake pamefungwa turubai na viti vimepangwa. Nikajua wana harusi. Tukaanza: um-brel-la. Bibi hakuitikia.

Rehema akanyoosha mkono. "Mwalimu, Bibi Hawa..."

"Sema kwa Kiingereza," nikamkatisha. Ndiyo sheria yangu darasani. Akatafuta maneno, akayakosa, akakaa.

Nikawaambia wapige kwa nguvu, bibi asikie huko kwenye pilau lake. Wakapiga, huku wananitazama mie badala ya ubao.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa binti wa Bibi Hawa, amejitanda kanga, macho yamevimba.

"Samahani mwalimu, naomba watoto wanyamaze kidogo. Wanaume wanamtoa mama kwenda makaburini."

Nikamgeukia Rehema. Alikuwa ameinama, mikono ameificha chini ya dawati.