Samaki Weusi wa Mjomba Isihaka

Mjomba wangu Isihaka alikaa Dar miaka kumi na tisa, anatunza bustani ya bosi mmoja. Sebuleni kwa bosi kulikuwa na tangi kubwa la kioo, ndani samaki wa rangi rangi, na wengine weusi wenye magamba magumu kama ngozi ya mamba. Hao weusi kazi yao kulamba uchafu kwenye kioo. Mjomba aliwasifia kuliko watoto wa bosi. "Hawalali wale," anasema. "Asubuhi unakuta kioo kinang'aa."

Bosi alipohama nchi, mjomba akaomba weusi sita. Akawatia kwenye ndoo ya rangi, akapanda basi la Nachingwea, ndoo mapajani. Konda akamuuliza kama amebeba uji.

Kwetu Ruponda kuna bwawa moja. Haliguswi mpaka mwezi wa kumi, maji yakipungua. Hapo wanawake wanaingia wote siku moja na matenga, wanatoa perege. Mama yangu Biasha, dada yake mjomba, ndiye anatangulia. Mwaka aliorudi mjomba, maji yalikuwa ya kijani na yananuka, maana ng'ombe wa Makoye walikuwa wanakunywa pale. Makoye ni Msukuma, mfugaji, mtu mpole tu, lakini wanawake walishaanza kumnunia. Mjomba akaona dawa anayo kwenye ndoo. Akawamwaga samaki wake, hakumwambia mtu. Alitaka maji yatakate kwanza ndiyo aseme, asifiwe.

Maji hayakutakata. Miaka miwili baadaye mama akainua tenga limechanika, ndani weusi wanne na perege mmoja kama kidole. Weusi wakatupwa juani, nusu saa nzima bado wanapumua. Kingo nazo zimebomoka, chini ya maji mashimo matupu.

"Hivi vidudu vimetoka wapi?" mama akauliza.

"Si hao wafugaji wageni," akasema jirani yetu Getruda. "Ng'ombe wamekuja na mikosi yao. Na kingo nani kazikanyaga?"

Mjomba amesimama pale pale, anasikia. Kikao cha kijiji kikaamua ng'ombe wasishuke tena bwawani. Makoye akahamisha familia, wakaenda Mandawa, Ruangwa huko.

Tangu hapo mjomba akawa mtu wa bwawani. Anaingiza mkono kwenye mashimo, anawavuta mmoja mmoja, miiba inamchana vidole. Akitoa kumi, kesho anakuta wengine kumi. Masika iliyopita bwawa likafurika, maji yakashika njia ya mtoni, na weusi ndani yake. Siku hiyo alirudi hakugusa ugali. Akamweleza mama yote.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Makoye umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje, kaka?"

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka Mandawa. Makoye alitukaribisha vizuri, mkewe Zipora akaleta maziwa. Mjomba akasema yote akiwa ameinamia kikombe.

"Nilijua siyo ng'ombe," Makoye akasema. "Ng'ombe hachimbi shimo chini ya maji, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwenye kile kikao. Wewe ulikaa mbele yangu."

Mjomba akaweka kikombe chini. Baadaye ndiyo akamwomba arudi, kwamba atasimama mbele ya watu wote aseme ukweli.

"Sema," Makoye akajibu. "Ni vizuri useme. Ila mimi nimeshachimba kisima hapa, watoto wameshaanza shule. Sihami tena."

Ijumaa iliyofuata mjomba akasimama kwenye kikao. Nilidhani watamzomea. Hakuna aliyemzomea. Getruda alikuwa anaangalia chini, anachora chora mavumbi kwa kidole cha mguu.

"Kwa hiyo Makoye anarudi lini?" akauliza.

Mjomba akamwambia harudi.