Uji wa Nyuma ya Darasa la Nasari

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine pale Magunga aliyekuwa nayo: siku za mechi nilibeba uji wa mchezaji. Sio maji, sio mpira, uji. Uji wa wimbi uliotiwa ndimu, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lenye mfuniko, kopo ndani ya kikapu, na juu ya kikapu leso ya Dani ya kujifunga imekunjwa vizuri. Dani ndiye nyanya yangu, mama ya mama yangu, aliyenilea. Na mchezaji ndiye mwanawe wa mwisho, Anko Odoyo, ambaye senta nzima ilimwita Stima, yaani umeme, kwa sababu mpira ukishamfika mguuni, beki anatetemeka kama ameshika waya.

Nisingekumbuka haya sasa hivi, nina mtoto mchanga na usingizi hautoshi hata wa kuotea, lakini chumba changu hapa Migori kimeshikana na kibanda cha kuonyeshea mpira, katikati yetu ni bati tu, na tangu Jumamosi wanamjadili mchezaji mmoja wa ng'ambo ambaye mimi hata simjui. Eti amekosa penalti. Eti amekataa kupiga picha na mashabiki. Eti hacheki, na mtu asiyecheka na watu wake huyo ashanunuliwa. Niliposikia hilo neno, kununuliwa, nilisimama na mwiko mkononi na uji wa mtoto ukaungua, nikawa mtoto tena, nyuma ya darasa la nasari pale uwanja wa shule, na kikapu changu.

Ilianza na chungwa. Siku moja wakati wa mapumziko Anko alikaa katikati ya uwanja na wenzake, akanyonya chungwa huku watu wamemzunguka, maana alikuwa amefunga mabao na watu walitaka tu kumwona, kumwona akitoka jasho, kumwona akitema mbegu. Kipindi cha pili hakikufika mbali. Tumbo lilimkamata akaanguka, akajikunja kama jongoo, wakamleta nyumbani kwa wilbaro. Dani hakusema habari ya daktari. Alimwita mama mmoja wa ng'ambo ya kijito, mwenye mikono ya kutoa vitu tumboni, na huyo akamsugua Anko kwa mafuta, akasugua mpaka yeye mwenyewe akalowa jasho, halafu akafungua kiganja. Kipande cha ganda la chungwa, kidogo kama ukucha.

"Sihoho," akasema, basi.

Yaani kuna mtu alimwangalia akila, na jicho la mtu huyo likaingia kwenye chakula likakaa humo. Na mwenye jicho hilo huenda hana ubaya wowote, walisema, huenda amelirithi tu kama mtu anavyorithi pengo la meno, hata hajui. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nimesoma baiolojia, najua mtu aliyekimbia juani akila kwa pupa anaweza kushikwa na tumbo. Najua. Lakini ganda lile niliona kwa macho yangu. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka yote na hayajawahi kugombana.

Tangu siku hiyo Dani akaweka sheria. "Watu wakikupenda sana, kula mbali nao," alimwambia Anko.

"Mama, hao ni mashabiki wangu."

"Ndiyo maana nasema. Adui ana haja gani na mdomo wako? Anayekukodolea ukitafuna ni yule anayekupenda."

Anko alicheka, lakini alikubali, kwa sababu alikuwa kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye anayebaki bomani na mama yake, wengine wote wakienda kujenga kwao. Wale wawili walikuwa wamezoea kukubaliana. Halafu Dani akanigeukia mimi. "Na wewe, ukishampa, usirudi mbio kuangalia mpira. Kaa naye mpaka amalize. Mtu hali peke yake, yeye si mbwa."

Kwa hivyo kila mapumziko alikuwa anapotea uwanjani kama anayekwenda haja, na mimi namsubiri pale kati ya ukuta wa nasari na ua wa minyaa. Anachuchumaa akitazama ua, leso mabegani, anakunywa kwa haraka. Mimi kando yake. Na alikuwa ananiuliza kabisa, mtu mzima huyo, "Ee, kocha, nipite wapi? Kulia ama kushoto?"

"Kushoto. Beki wa kushoto kiatu chake kimefungua mdomo."

"Umeona hivyo?"

"Kinacheka kabisa, Anko. Kinaonyesha vidole."

Alicheka mpaka uji ukampitia puani. Nikitafuta mahali nilipofurahi zaidi katika maisha yangu narudi hapo, na hapo palinuka choo cha shule, lakini ndipo.

Sasa mashabiki nao wana macho. Wakaanza kuona kwamba Stima hali nao. Timu ikishinda, mwenyekiti wao, tuliyemwita Jakom, mtu mkubwa anayejipaka tumbo rangi za timu, alikuwa anaagiza chapati na soda hotelini kwa wachezaji wote, na Anko anasema asante, nimeshiba, anaenda zake. Mara ya kwanza wakacheka. Mara ya pili wakanyamaza. Baadaye ikawa ndiyo habari, pale kwa bodaboda, pale kwa kinu cha kusaga, mimi nimepanga foleni na mahindi yangu nasikia yote.

"Mchezaji mzuri, tabia mbaya."

"Ameanza kuringa na hajafika hata Kendu Bay."

"Mwacheni, labda kuna mahali anapikiwa kuku."

"Kuku gani wa kila wiki? Huyo ametuona sisi ni takataka."

Walikuwa wanamjadili kama vile wamemlipia mahari. Na nilitaka kusema, lakini Dani alikuwa amenionya, hili halisemwi nje. Nilidhani ni siri ya kawaida tu, kama siri zote za nyumbani. Sikujua kwa nini halisemwi.

Halafu ikaja fainali. Mheshimiwa mmoja alikuwa ametoa fahali kuwa zawadi, limefungwa kwenye mkaratusi nyuma ya goli la upande wa barabara, linatafuna tu kama halihusiki. Timu ya pili ilitoka huku Migori ninakoishi leo, walikuja na lori, wanaimba. Kufika mapumziko hakuna aliyefunga. Nikakimbia na kikapu.

Anko alikuwa amefikisha kopo mdomoni niliposikia miguu. Alikuwa Jakom. Alikuja kumtafuta, ana chupa ya soda mkononi imefunguliwa, povu linamwagika, uso wote unang'aa, maana alimpenda Anko, hilo nataka lieleweke, alimletea soda kwa kumpenda. Na wakati huohuo, hatua chache tu kutoka pale, mtu wa Migori mwenye jezi ya timu yao akatoka chooni akifunga kamba ya kaptura, akatupita, akaenda zake. Basi. Hakusema hata habari yenu.

Anko alishtuka akafanya alivyofundishwa. Akafunika kopo haraka na leso, akalisukuma chini ya miguu.

Jakom akamwangalia yeye, akamwangalia yule mtu anayeondoka, akaangalia leso. "Unaficha nini, Stima?"

"Hakuna kitu."

Jakom akarudi na soda yake.

Kipindi cha pili tulipata penalti, na ni Anko angepiga, nani mwingine? Mpira ulipaa juu ya goli, ukaenda ukalipiga lile fahali kwenye pua, likakata kamba, likakimbia kupitia wauza miwa, na watu walicheka, mwanzoni walicheka kweli, hata mimi. Dakika chache baadaye Migori wakafunga. Hapo kicheko kikaisha. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wetu waliingia uwanjani, sio kushangilia.

"Stima imekatwa!" mmoja akapiga kelele.

"Nani amekununulia tokeni? Sema, nani amekununulia?"

Jakom akainua mkono wakanyamaza. "Nimemwona," akasema. "Kwa haya macho yangu. Nyuma ya nasari, na mtu wa Migori, amejifunika leso. Kuniona, akaficha."

"Ilikuwa uji!" Ni mimi huyo. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kuku. "Ni uji! Mimi ndiye nimeuleta!"

Walicheka tena. Mama mmoja anayeuza mandazi, wala hakuwa na ubaya, akainama akaniuliza polepole, "Mtoto wangu, nani huficha uji?"

Nikamwangalia Anko. Yeye alikuwa tayari ananiangalia, na akatikisa kichwa, kidogo tu, usiseme. Leo ninaelewa. Kulijibu swali lile ni kuwaambia watu wote wa senta, majirani, watu waliozika babu yangu, kwamba katikati yenu kuna mwenye jicho. Hakuna tusi linalopita hilo kwetu. Kuna watu wamehamishwa boma kwa neno hilo. Kwa hivyo alikuwa na mawili: aitwe msaliti yeye, ama aite mmoja wao mchawi. Akachagua kunyamaza. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa na jibu la kweli, na swali limeulizwa.

"Dani alisema msimwone akila."

Jakom akashusha mkono.

"Ahaa," mtu akasema. "Kumbe sisi ni wachawi."

Hakuna aliyempiga. Mpaka leo nafikiri wangempiga ingekuwa afadhali, mtu anapigwa, anapona. Walirudi nyuma tu, mmoja mmoja, wakamwacha amesimama katikati ya uwanja na mimi na kikapu. Jakom alikuwa wa mwisho. Rangi tumboni kwake ilikuwa imeyeyuka yote na jasho. "Mimi nilikuletea soda, Stima," alisema. "Soda."

Jumatatu asubuhi redio ilikuwa naye. Kipindi cha michezo, watu wanapiga simu, wengine kutoka mbali ambao hawajawahi kumwona, kila mmoja ana maoni yake: afungiwe, alipe fahali, wachezaji wa siku hizi hawana heshima, mama yake ndiye mwenye dawa. Dani alisikiliza mpaka hapo kwa mama yake. Akatoa betri, akaziweka juani kwenye paa la banda la kuku kama anayetaka zipate nguvu, na hakuzirudisha tena.

Kabla ya wiki kuisha Anko alikwenda kisiwani Remba kuvua omena, dagaa wa ziwani, akasema ni kwa muda. Kisiwa kile kimejaa watu kama njugu kwenye kopo, na kila mtu ametoka kwingine, hakuna anayekuuliza ulikuwa unaitwa nani. Hakurudi kuishi. Kitindamimba aliyepaswa kubaki ndiye aliyekwenda, na Dani akabaki na boma na mimi, na kila jioni alikuwa anafunika sahani moja zaidi. "Nilisema macho yatamla," alikuwa anasema. Alikufa nikiwa kidato cha tatu, bado anasema hivyo. Na ni kweli, yalimla. Lakini nimewaza sana ni macho gani. Ya mmoja asiyejijua, ama ya wote waliojua kila kitu?

Sasa niseme la kwangu. Mwanangu anaitwa Baraka. Uzito wake kliniki hauendi juu vile wanavyotaka, na baba yake alitoka kutafuta kazi na simu yake inaita tu, inaita mpaka inachoka. Naogopa. Mimi hapa kila nikimnyonyesha nafunika, nikimpa uji nafunga mlango, dirisha naweka nguo, kwa sababu Dani alinilea na siwezi kujitoa kwake kama unavyovua kiatu. Na juzi nikiwa ndani nimejifungia nilisikia wanawake kwenye mfereji wa maji. Labda mtoto ana ugonjwa. Labda mume amemkimbia. Mbona hatoki? Halafu jirani yangu Mama Zuhura, anayeuza leso sokoni, mtu wa mbali kama mimi, akagonga bati kwa vidole akasema kwa upole kabisa, "Mama Baraka, kila siku mlango umefungwa. Unaficha nini?"

Maneno yale yale. Nilikaa na kijiko hewani. Akagonga tena, akaondoka.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba sheria ya Dani ilikuwa na sehemu mbili, na mimi miaka yote nimebeba moja. Nimebeba leso. Nimesahau kwamba hakunituma kupeleka uji tu. Uji Anko angejibebea mwenyewe. Alinituma nikakae. Alijua kwamba ukimficha mtu na macho yote ya dunia utakuwa umemwacha peke yake, na hiyo nayo inaua, kwa hivyo akamwachia jicho moja, langu, la kumcheka na kumwambia apite kushoto. Kule Remba hakuna anayemwangalia Anko akila. Sijui kama anashiba.

Jana jioni kule kibandani walikuwa bado wanamsaga yule mchezaji wao. Nilipika uji, nikambeba Baraka na leso juu yake, nikafungua mlango. Mama Zuhura alikuwa anaanua leso zake kwenye kamba. Nilimwita, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama siku ile uwanjani.

"Ingia, Mama Zuhura. Mtoto anakunywa uji."

Akaingia, akatafuta mahali, akakaa juu ya jerikeni. Leso sikuitoa, sitasema uongo, nilimfunika Baraka kutoka utosini mpaka puani, mdomo tu nje.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Kaa tu mpaka amalize."