Kope Zilizong'olewa Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kitengo cha macho, hospitalini Singida, Mganga wa Macho wa Mkoa hakunipa hata kiti. Alinipa tochi na kioo cha kukuzia, akaniambia nipindue kope za wagonjwa mpaka foleni iishe. "Muuguzi wa macho anajulikana kwa vidole," alisema. "Ukimuumiza mtu, harudi."

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na trakoma ilikuwa imetukalia. Ugonjwa huu huacha kovu ndani ya kope, kovu hilo huikunja, na nywele zake hukwaruza jicho kila unapopepesa. Wenyewe tuliuita vikope. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kuigeuza kope itazame nje. Ukichelewa, mtu anapofuka.

Baadaye nikaazimwa kwenye utafiti. Mtafiti Mkuu, msomi kweli kweli, alitaka kujua nani apasuliwe, na kanuni yake ilikuwa moja: ukikutwa na nywele zinazogusa jicho unapasuliwa, usipokutwa nazo unarudi nyumbani.

Tukaenda Kintinku. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amewatangazia watu waje safi, wasikiaibishe kijiji. Basi wanawake wakafanya kama walivyozoea wanapokwenda mbele za watu. Alfajiri walikaa nje wawili wawili, wakang'oana nywele za kope kwa kibanio cha bati. Mama Elia, mjane aliyelima mtama peke yake, aling'olewa na wifi yake zote.

Nilipindua kope yake. Kovu lilikuwa nene, jeupe. Nywele hamna.

"Ndugu, huyu kang'oa leo," nilimwambia Mtafiti Mkuu. "Zitaota tena, na zikiota huwa ngumu zaidi."

"Dada, tunaandika tunachokiona."

"Kovu si tunaliona?"

"Kovu si kigezo chetu. Mwambie yuko salama."

Nilikataa. Akamwambia mwenyewe, na Mama Elia akampa mkono kwa mikono miwili, akashukuru.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nilimlalamikia Mganga wa Macho wa Mkoa, akanijibu kwamba utafiti ukishaanza haubadilishwi njiani. Haubadilishwi! Kwani jicho nalo linasubiri? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mabwana wale waliambiwa, na bado wakakataa kutazama.

Sasa nimestaafu. Vijana wa fani hunitembelea, wakasifu utafiti ule, kwamba unafundishwa vyuoni na kanuni yake ilifika mikoa mingi. Sikatai, wapo waliopona. Ila huwaambia, kabla ya kumpima mama wa watu, muulizeni amefanya nini asubuhi. Wengine hucheka, wakidhani nimezeeka.

Mwaka niliostaafu nilipita Kintinku. Mama Elia alikuwa ameketi mlangoni, macho yote mawili meupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitambua sauti yangu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Yule daktari aliniambia niko salama. Sasa upofu huu nimeupata wapi?"