Ntirenganya na Injini ya 1957

Garaji aliyofanyia kazi Ntirenganya, pale Goma, ilipokea gari jipya la mbio kila mwaka, na kila mwaka patron, mwenye garaji, alibandika tangazo jipya ukutani. 1955, kabureta moja. 1956, mbili. 1957, injini inayobana hewa zaidi, yenye nguvu zaidi, na wazungu wa mashamba ya kahawa wakaja kuitolea macho. Watu hao! Gari la mwaka jana lilikuwa hata halijachubuka.

Goma iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafundi wake walizoea kuwahisha kidogo moto wa buji, ile plagi inayowasha mafuta, kabla gari halijauzwa. Ntirenganya akawahisha, kama miaka yote.

Wakaenda kulijaribu kwenye mlima wa Kibumba, mnunuzi, mzungu mmoja, kwenye usukani, fundi pembeni. Ndipo akasikia injini ikigonga: ko-ko-ko. Mungu wangu! Injini hii ilibana kuliko zile za zamani. Haikutaka kuwahishwa hata chembe. Ikiendelea hivi, pistoni zitatoboka. Na Kataliko, fundi mwenzake, alilala gerezani miezi miwili kwa kuvunja giaboksi ya lori. Mukashyaka, mke wa Ntirenganya, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Nini inagonga?" akauliza mzungu.

Fundi akajibu haraka. "Ni nguvu ya mwaka huu, Bwana."

Uongo mtupu! Lakini tangazo lilikuwa limeshamlainisha yule mtu. Akacheka, akakanyaga mafuta zaidi. Ntirenganya alishika mlango kwa mikono miwili.

Waliporudi, mzungu akataka kuondoka nalo palepale, yeye na mkewe, mpaka Bunagana. Kona zile, na mabonde yale! Injini ikizimika pale, gari linaweza kuporomoka. Ntirenganya akamvuta patron kando.

"Patron, nilikosa. Moto niliweka mbele sana. Unipe saa moja tu nitengeneze, ama injini itakufa mu njia."

Patron alimwelewa vizuri sana. Lakini mteja alikwisha kushika kalamu, na katika saa moja mtu hubadili nia. Akampa mteja ufunguo huku anatabasamu.

"Wakipata shida," akamwambia fundi gari lilipotoka, "polisi watajua mkono wa nani uligusa injini."

Ntirenganya akatoka mbio mpaka nyumbani.

"Funga nguo, mama. Leo tunavuka mpaka."

Mukashyaka akamtazama ile mikono yenye grisi. "Umeua mutu?"

"Sijui bado."