Nusu ya Tangazo kwenye Redio ya Pikipiki

Kwetu anayesafiri ni mke wangu. Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kuona haya. Cherehani yangu iko karibu na dirisha, na kwa dirisha hilo naiona Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, yote ninayoihitaji: mabati ya majirani wa chini, kamba za nguo, na mlango wa maman mmoja anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, ng'ambo ya njia. Mke wangu hununua maharagi sokoni Mudaka, huyauza sokoni Kadutu, na akirudi hunikuta palepale aliponiacha. Maman wa makala alinipa jina siku nyingi: Papa wa Ndani, yaani baba asiyetoka. Watoto wa mtaa wananiita hivyo kwa heshima, wakidhani ni cheo.

Safari ile mke wangu hakwenda kutafuta maharagi. Mama yake alikuwa mgonjwa huko milimani, juu ya Kavumu, na aliyeleta habari alisema mama hali tena, anakunywa maji tu. Mtandao wa simu wa upande ule ulikuwa umekatika na hakuna aliyejua utarudi lini. Mke wangu alifunga nguo zake kwenye kitenge, akachukua na karedio ketu kadogo, maana mama yake hupenda kusikiliza rozari.

"Nitapitisha tangazo kwa redio ya Kavumu," aliniambia mlangoni. "Saa kumi, kila siku usikilize. Usilale na masikio."

Redio hiyo ni ndogo, lakini vijiji vyote vya huko huitegemea. Saa kumi ya alasiri inasoma matangazo ya familia: nani amekufa, nani amezaa, ng'ombe wa nani amepotea, nani anaombwa arudi kwao haraka. Kila tangazo linasomwa siku mbili, kwa Mashi, lugha ya huko, na kwa Kiswahili, na kabla ya kila moja wanapiga muziki uleule wa huzuni, iwe ni mtu aliyefariki au ni mbuzi aliyekata kamba. Ukisikia jina lako baada ya muziki ule, moyo unasimama kwanza, halafu ndipo unauliza.

Mke wangu alipokwisha kushuka njia ndipo nilipokumbuka kwamba karedio amekwenda nako.

Ilibaki redio moja tu, na hiyo ilikuwa ndani ya pikipiki. Ile pikipiki, au moto kama tunavyosema sisi, ni ya kaka yangu mkubwa. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika nayo, akafika Bukavu, akaona barabara zetu, akaamua kupanda ndege. Ni pana kama punda mwenye mimba, ina masanduku ubavuni, na kiti chake ni kizuri kuliko viti vya sebule yangu. Kaka alipohamia mbali aliniachia niilinde, maana alijua mimi siendi popote. Huwa naiwasha asubuhi moja moja ili isisahau kazi, na mara chache naizungusha mpaka kwa maji na kurudi. Mbele ina redio, na nyuma ya kiti ina kitu cheusi kama uyoga. Kaka alikuwa akiwaambia wageni kwamba uyoga ule unakamata redio kutoka angani, kwa satelite, mambo ya dunia nzima. Mimi sikuwahi kusikia kitu humo. Kioo chake kilikuwa kikizunguka kikitafuta, kinazunguka tena.

Sasa nilikuwa na haja nayo. Nilisafisha uyoga kwa sabuni. Nikaisogeza pikipiki kutoka chini ya mti wa avokado, labda majani yanaziba mbingu. Nikaigeuza iangalie ziwa, nikaigeuza iangalie Kadutu. Maman wa makala alikuwa kwenye kigoda chake ananitazama.

"Papa wa Ndani, iyo moto unaifundisha kucheza?"

"Ninatafuta satelite, maman."

"Ilipotea lini?"

Saa kumi ikapita bila sauti. Usingizi wangu ukawa wa vipande. Nilijiuliza kama tangazo limesomwa na mimi niko chini nasugua uyoga. Kwetu, mkwe asiyefika kwenye maziko ya mama mkwe wake hana haja ya kufika mahali pengine tena. Wataongea juu yake mpaka watoto wake waoe. Na mke wangu angekuwa peke yake huko, anatazama njia.

Kesho yake nilimwita fundi wa chini ya barabara. Ni mtu ambaye hajawahi kusema sijui. Aliugonga uyoga kwa kidole kama daktari anayegonga tumbo.

"Iyi haitakamata kitu. Satelite yake haituangaliake."

"Inaangaliaka nani?"

"Wale benye kuitengeneza. Sisi tuko chini ya antene ya Kavumu, papa. Tutafute ile."

Akaeleza kwamba redio ileile ina FM pia, ila antene yake ni fupi na sisi tuko ndani ya shimo, kilima kinatuziba. Alichukua mwavuli wangu uliovunjika, akatoa vyuma vyake, akaviunganisha kwa waya wa shaba mpaka vikapita kichwa changu kwa urefu, akavifunga nyuma ya kiti na kuvivisha karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Pikipiki ikafanana na jogoo anayekwenda harusini.

"Ni kitu moja tu," alisema akikusanya funguo zake. "Usiizime mbali na nyumba. Batri imezeeka. Ukiizima kwa mupando, utaisukuma wewe na malaika wako."

Neno hilo liliniingia kuliko yote. Ile pikipiki ni nzito, na Bukavu haina mahali tambarare isipokuwa ziwani. Niliapa kwamba injini haitazimika mikononi mwangu.

Alasiri hiyo niliiwasha uani, nikafungua sauti mpaka mwisho. Krrr. Nikazungusha. Krrr, halafu, kama mtu anayeongea ndani ya gunia, muziki wa huzuni. Nilishika antene kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine. Akatajwa mtu wa Mudaka na ng'ombe wake. Muziki tena. Halafu likaja jina langu, lile la ubatizo na lile la baba, mshonaji wa Cimpunda.

"...anajulishwa na bibi yake kama mama..." Krrr. "...pamoja..." Krrr. "...afike haraka na moto..."

Basi. Kwetu kama ni kwamba, lakini kwamba mama nini? Niliipiga redio kofi. Ikaendelea kukaanga mafuta yake.

Nilipoinua kichwa, maman wa makala alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kichwani. Mtaa mzima ulikuwa umesikia kilekile nilichosikia mimi.

"Balisema kama mama nini?" niliuliza.

"Papa, wakisema kama mama, na kisha ufike haraka, ni nini tena?"

"Labda amepona."

"Mutu mwenye kupona, banamukimbiliaka na moto?"

Jua lilikuwa bado halijashuka nilipoona benchi la kwanza linaingia uani kwangu, limebebwa na majirani wa chini. Likafuata la pili. Maman wa makala alileta gunia la makala, akaliweka karibu na ukuta. Ndivyo tulivyo: msiba wa mtu hauulizwi mara mbili, unakaliwa. Walikaa wakanitazama, na mimi sikujua kama nilie au niwakaribishe chai. Ukimlilia mama mkwe ambaye yu hai, ni kama unamwonyesha njia. Usipomlilia na amekufa, wewe ni jiwe. Nilikaa katikati ya mabenchi nikiwa na uso ambao haukuwa wa upande wowote. Papa mmoja aliniambia kwa upole kwamba uchungu mkubwa huwa hivyo.

Ningeweza kuondoka usiku uleule, lakini barabara ya Kavumu hakuna anayeigusa giza likiingia. Na asubuhi niende wapi? Kama ni maziko, njia ni ya milimani, na sharti nibebe mablanketi na mbuzi. Kama ni jambo lingine, wataniona nafika na blanketi la maiti kwa mtu anayekunywa uji. Tangazo lingesomwa tena saa kumi. Nilikata shauri kupanda juu kabisa, njia ya Ciriri, ambako kilima hakizibi kitu.

"Twende pamoja," alisema maman wa makala. "Masikio yako ilizoea mashini ya kushona."

Alipanda nyuma yangu, mama mnene mwenye kitenge cha kazi, ameifungua antene kitini na kuikumbatia kama msalaba wa maandamano. Tulipanda. Nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja: kitakachosemwa, na injini kuzimika. Kila tulipopunguza mwendo nilizidisha mafuta, na pikipiki ikanguruma, na redio nayo ikakoroma zaidi. Watu walitupisha.

Juu kabisa nilisimama, mguu mmoja chini, injini inaunguruma. Muziki ulianza. Krrr. Maman aliinua antene, akaishusha, akainyoosha upande wa Kabare. Krrr. Jina langu likapita katikati ya kelele kama mtu anayepita sokoni bila kukusalimia.

"Njo ile, jina yako," maman alisema, akanipiga bega. "Geuza kidogo."

Niligeuza. Mkono wangu ukaachia klachi bila kufikiri, pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikazimika.

Nilifunga macho. Nilikuwa tayari naona mteremko wote na mimi chini yake. Ndipo nikasikia kimya. Krrr ilikuwa imekufa pamoja na injini. Mwanamke wa redio alikuwa anaongea taratibu, safi, kana kwamba ameketi kwenye kiti baina yetu:

"...anajulishwa na bibi yake kama mama amepata nafuu. Watashuka pamoja siku ya soko mpaka Mudaka. Mama atakaa kwao Cimpunda mpaka atakapopata nguvu. Anaombwa afike haraka na moto, kwa sababu mama hawezi kutembea."

Maman wa makala alishusha antene polepole.

"Papa wa Ndani," alisema. "Kumbe kelele ilikuwa ya moto yako."

Tangu mwanzo. Fundi na mimi tulikuwa tunarefusha antene, tunaivisha, tunainua, na injini ambayo niliogopa kuizima ndiyo iliyokuwa ikikoroma masikioni mwetu. Tuliisukuma mpaka kwenye mteremko, ikawaka. Nyumbani mabenchi yalirudishwa kwa kicheko. Gunia la makala lilibaki. Maman alisema mgonjwa anahitaji uji wa moto.

Siku ya soko nilifika Mudaka alasiri, kabla ya saa kumi. Wao walikuwa wameketi kando ya barabara, mama mkwe amejifunga shali, amekonda, macho yake yako palepale. Nilimsalimia kwa mbali na kwa kuinama, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja. Na pikipiki, hata iwe ya kuzunguka Afrika, ina kiti kimoja.

Mke wangu aliwaza kukaa katikati. Lakini mgonjwa hawezi kukaa mwisho, ataanguka. Tulisimama pale watatu, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka mama mkwe mwenyewe akafungua kitenge kimoja, akakikunja mara nyingi, akakiweka baina ya mgongo wangu na kifua chake.

"Kitenge ni ukuta," alisema. "Peleka."

Tulikuwa hatujafika mbali saa kumi ilipogonga. Redio ilikuwa wazi, inakaanga. Mama mkwe aliongea na mke wangu, siyo na mimi, ingawa mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu.

"Mwambie bwana yako azime moto tusikie. Pengine kuna mutu wetu."

Nilimwambia mke wangu amwambie mama kwamba batri imezeeka. Mke wangu hakupeleka ujumbe huo. Nilisimama, nikazima injini.

Muziki, safi. Mtu wa ukoo wao wa mbali alikuwa amefariki. Mama mkwe akasema jina la Mungu taratibu. Halafu mtoto amezaliwa. Halafu muziki tena. Nilibonyeza kuwasha: injini ikakohoa mara moja, ikakataa. Barabara ya pale, kwa bahati, ni tambarare. Mke wangu alishuka, tukaanza kusukuma, yeye nyuma, mimi kwenye usukani, na mama mkwe amekaa wima kwenye kiti peke yake na kitenge chake, anasikiliza.

"Ikitaka kuwaka," alimwambia binti yake, "mwambie angoje kwanza matangazo iishe."