Madamu Esteri na Nafsi Aliyoiruka

Waliosoma Kifaransa kwa Madamu Esteri, kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo, katika ile miaka ya tisini, wana alama yao. Ukitaka kuwatambua hata leo, waombe wakutajie kitenzi nafsi kwa nafsi. Wataanza vizuri, mimi, wewe, halafu watamruka yeye mwanamume na kutua kwa yeye mwanamke, kisha watashtuka, watacheka na kurudi kumchukua waliyemwacha nyuma. Kicheko chenyewe huwa si kirefu.

Esteri alikuwa mwalimu tangu kwao Ruyigi, ng'ambo ya mpaka. Alivuka mto Malagarasi mwishoni mwa mwaka tisini na tatu akikimbia mauaji, kichwani furushi, mgongoni hana mtoto maana Mungu alikuwa bado hajampa. Walipumzika Kumsenga, Waha wa pale wakawapa mihogo na kuwasemesha lugha waliyoielewa bila mkalimani, na baadaye wakapelekwa kambini. Huko ndiko alikopewa darasa la mabanzi ya mikaratusi lililoezekwa turubai. Mvua ya milima ile ikianza kupiga turubai, hakuna aliyesikia neno, basi darasa zima lilikuwa linaimba mpaka inyamaze. Waliokuwamo wanakumbuka baridi ya asubuhi, moshi wa maharage kutoka jikoni kwa jirani, na sauti ya Madamu ikishindana na mvua. Walikuwa hawana kitu, na bado wanazitamani siku hizo. Moyo wa binadamu ndivyo ulivyo, hauna haya.

Hakuwa mwalimu wa kukaririsha. Kifaransa, kama ujuavyo au usivyojua, ni lugha yenye maringo: vitenzi vingi vikitaka kusema jambo lililopita huazima kitenzi *avoir*, yaani kuwa na, lakini viko vichache vinavyokataa katakata, vinamtaka *être*, yaani kuwa, peke yake. Walimu wengine waliwachapa wanafunzi mpaka wakavishika. Esteri aliwaambia, "Msihangaike. Kumbukeni njia tuliyokuja nayo. Tulitoka, tukaondoka, tukashuka bondeni, tukapanda, wengine wakaanguka, tukafika, tukaingia, tukabaki. Watoto wakazaliwa, wazee wakafa. Vyote hivyo ni vya *être*." Hakuna aliyevisahau tena. Nani asahau njia ile?

Basi wakafika kwenye ule wakati ambao vitabu huuita *conditionnel passé*. Kuuunda si kazi. Unamchukua *avoir* au *être*, unamvika sura ya "nge", *j'aurais* au *je serais*, halafu unamfungia nyuma kitenzi kilichokwisha kupita: *j'aurais mangé*, ningalikula, *je serais venue*, ningalikuja. Hutumika kwa jambo ambalo lingalitokea, kama kingine kisingalizuia, na kwa kuwa kilizuia, halikutokea na halitatokea. Watu wa kambini hawakuhitaji mifano ya kitabu. Mmoja angalivuna, mwingine angalioa, mwingine angalimaliza shule. Somo lilikwenda mbio kuliko yote aliyowahi kufundisha.

Ila ubaoni palikuwa na pengo. *Je serais venue, tu serais venu, elle serait venue*, kisha nafsi za wengi. *Il*, yule mwanamume mmoja, hakuandikwa. Mara ya kwanza wanafunzi walidhani amesahau. Mara ya pili walitazamana. Niyonkuru, aliyekuwa mtu mzima kuliko wenzake na akija darasani na mtoto mgongoni, aliinua mkono.

"Madamu, na *il*?"

"Mtamwona mbele ya safari," alisema Esteri, akafuta ubao.

*Il* wake alikuwa Evaristi, fundi seremala, mumewe. Usiku ule wa kukimbia, mama yake Evaristi alikuwa hawezi kutembea. Evaristi akamsukuma mkewe mlangoni akamwambia tangulia, mimi nitakuja na mama. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hata ya kiti cha miguu mitatu. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, akisema *j'aurais venu* badala ya *je serais venu*, na Esteri akimsahihisha huku anacheka, naye akilirudia kosa makusudi ili amwone akicheka tena. Walivyopendana wale watu, hata majirani waliona wivu.

Miezi michache baada ya kufika kambini, jirani yao Niyibizi alivuka akamwambia wazi kwamba Evaristi na mama yake wameuawa, na kwamba aliwazika yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, penye migomba. Esteri alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha uji, akasema, "Umemfananisha." Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo. Kwao, kilio hakiishi mpaka ndugu wakusanyike, wanywe pombe ya mtama na kukubaliana kwamba aliyekwenda amekwenda. Harerimana, kaka mkubwa wa Evaristi, naye alikuwa kambini, na kila mara alikwenda kwa shemeji yake kuomba siku ya kumaliza msiba. Kila mara alijibiwa vilevile. "Mmalize msiba wa nani? Mwenyewe yuko njiani."

Siku za soko Esteri alipata ruhusa ya kwenda Kibondo mjini, na hakurudi bila kupita dukani kwa Bi Mwanaamina, mama wa Kipangani, mtu wa pwani, aliyemfuata mumewe huku bara na hajaacha kulalamikia baridi mpaka leo. Bi Mwanaamina alijiona kateuliwa na Mungu kulinda Kiswahili katika nchi ambayo, kwa maneno yake, wanakisema kama wanabeba kuni.

"Mume wangu angekuja mwaka jana," Esteri alimwambia siku moja, "lakini njia zilifungwa."

"Angalikuja," Bi Mwanaamina alimkata.

"Si ni sawasawa?"

"Sawa kwenu huku! Sikiliza, mwanangu. *Angekuja*, bado unatazama njia. *Angalikuja*, umeshafunga mlango. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa mimi. Sasa wewe wasema lipi?"

Alikuwa anatania, maskini, hakujua anagusa nini. Esteri alichukua kibiriti chake na sabuni, akasema, "Nasema angekuja." Alirudi kambini kwa miguu, na njia nzima alilikasirikia duka lile lote, mpaka mizani yake.

Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakaribia, ule ambao kijana akifaulu aliweza kuitwa msomi hata akiwa chini ya turubai. Mwalimu mkuu, Hatungimana, akatoa jaribio. Alisahihisha majibu mwenyewe, kisha akamwita Esteri, karatasi mkononi, anacheka.

"Madamu, darasani kwako wanaume mmewapeleka wapi? Wote wameruka *il*! Wengine wameacha nafasi, wengine wamechora mstari."

Esteri hakucheka, na Hatungimana, aliyekuwa mtu wa masihara lakini si mjinga, akaacha. Alikaa chini.

"Mimi sikuulizi habari za nyumbani kwako," alisema. "Lakini watoto hawa wakianguka kwa ajili ya nafsi moja, nitawajibu nini wazazi wao? Ijumaa niwe nimeona umeifundisha. Kama huwezi, niambie, nitaifundisha mimi. Si aibu."

"Nitaifundisha," alisema Esteri.

Ijumaa darasa lilijaa kuliko kawaida. Habari za kambini hazihitaji tarumbeta. Esteri aliandika *je serais venue*. Akaandika *tu serais venu*. Akashuka mstari, chaki ikagusa ubao, ikabaki palepale. Mtoto wa Niyonkuru akaanza kunung'unika mgongoni.

Niyonkuru alisimama. "Madamu, nije niandike mimi?"

"Hapana. Kaa, mama. Hii ni ya kwangu."

Akaandika *il serait venu*. Akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri, hakuacha hata nukta ya *i*. Halafu, maana mwalimu ni mwalimu, hawezi kuacha neno bila mfano, akageuka akawatazama akasema, "*S'il avait pu, il serait venu.*" Na kwa kuwa wapo waliokuwa wagumu kuelewa, akatafsiri. "Kama angaliweza, angalikuja."

Sauti haikukatika. Alisikia maneno yanatoka kinywani mwake na akayajua kuwa ni kweli, kwamba mtu yule, aliyekuwa hadanganyi hata kwa kiti, kama miguu yake ingalikuwa juu ya ardhi angalishafika zamani. Hakulichagua yeye jambo hilo. Alisahihisha sentensi tu, kama alivyosahihisha nyingine nyingi. Darasa likanakili. Wengine waliandika huku machozi yanalowesha karatasi, na yeye akapita kati ya mabenchi akikagua kama wameweka *t* mwishoni mwa *serait*.

Jioni hiyo alikwenda kwa Harerimana. Alimkuta mlangoni anachonga mpini wa jembe.

"Shemeji," alisema, "tafuteni mtama. Tumalize msiba wa Evaristi."

Alidhani Harerimana atafurahi, au walau atapumua. Ni yeye aliyekuwa akimsihi, ni yeye aliyemwita mkaidi mbele za watu. Lakini Harerimana aliuweka mpini chini, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa nakusihi kwa sababu nilijua utakataa," alisema. "Sasa ukiacha kumngoja wewe, shemeji, mimi nitamngoja na nani?"